Inveta ya Gari Inazima Ukiwasha Birika? Pima Kabla ya Kununua Nyingine

Hamjambo, karibuni. Leo niko Dunga, kando ya ziwa hapa Kisumu, na hii nyuma yangu ni ile matatu ya viti 14 niliyoigeuza kuwa gari la kulala. Shida yetu ni hii: taa zinawaka, simu inachaji, redio inaimba. Ukibonyeza birika la umeme tu, inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, inapiga kelele, kisha kimya.

Iliponipata mimi, niliamua kwamba inveta ni ndogo. Nikauza ile ya wati 2000, nikanunua ya 3000. Nikaifunga, nikawasha birika, ikazima vilevile. Pesa ile iliniuma sana, ndiyo maana nakusihi usitoe hata shilingi kabla ya kupima.

Anza kwa kusikiliza. Ikizima papo hapo unapowasha friji, huenda ni ule mshtuko wa mota kuanza kuzunguka, ambao huvuta umeme mara kadhaa kuliko kawaida. Ikifanya kazi dakika kumi hivi ndipo izime, iguse: ni joto. Joto hili la Kisumu na kabati lililofungwa haviendani, kwa hiyo ipe nafasi ya hewa na upanguse vumbi kwenye feni. Na kama taa za gari pia zimezimika, basi aliyekata ni betri yenyewe. Betri nyingi za lithiamu zina kilinzi ndani, na kama chako kinaruhusu ampea 100, birika la wati 1800 hutalichemsha.

Lakini ikilia sekunde chache halafu izime, kama hii yangu, twende kwenye waya.

Vua pete na saa. Volti 12 hazirushi mtu, lakini spana ikigusa chanya na hasi kwa pamoja huwa nyekundu kama mkaa, na pete nayo itakuunguza kidole. Zungushia mpini wa spana tepu. Fungua mlango pia, kwa sababu betri za asidi hutoa gesi inayoshika moto.

Sasa weka mita kwenye volti za DC, yaani umeme wa betri. Betri yangu imejaa na imetulia: 12.6. Kama yako ni ya asidi na inasoma 12.1, imebaki nusu, ichaji kwanza. Gusisha ncha za mita kwenye terminali za inveta, si za betri. Mwombe mwenzako awashe birika. Tazama namba: 11.2… 10.8… 10.4, imezima. Inveta nyingi za volti 12 hukata karibu na 10.5 ili kulinda betri. Rudia, safari hii kwenye betri: 11.6. Yaani volti 1.2 zimepotelea njiani!

Tuzitafute. Ncha moja iweke juu ya kichwa cha risasi cha betri, nyingine juu ya lagi, kile kichwa cha shaba cha waya. Washa birika. Upande wa chanya, karibu sufuri. Upande wa hasi, 0.4. Inaonekana ndogo, lakini hapo panapita karibu ampea 180, na 0.4 mara 180 ni wati 72 za joto kwenye nati moja. Sogea karibu na kamera uone: plastiki imekuwa kahawia, na nikiivuta nyuma, shaba ina unga wa kijani. Hiyo 0.8 iliyobaki iko kwenye waya wenyewe. Ni wa milimita mraba 16, mita mbili kwenda na mbili kurudi. Waya huu ni mwembamba mno kwa kazi hii.

Turekebishe. Zima inveta, toa hasi kwanza. Nimenunua waya wa milimita mraba 50, ule laini wa mashine za kuchomelea, na nimeufupisha kadiri inveta ilivyoweza kusogea. Lagi peleka kwa fundi mwenye koleo ya haidroliki. Kuzipiga kwa nyundo ndiko kulikonifikisha hapa. Piga msasa mpaka shaba ing'ae, kaza, ndipo upake grisi juu. Fyuzi ikae karibu na chanya cha betri, na tafadhali usiwahi kuiziba kwa kipande cha waya, hata usiku, hata ukiwa na haraka.

Kama una betri mbili sambamba, toa chanya kwenye ya kwanza na hasi kwenye ya pili, zibebe mzigo sawa. Betri moja ya asidi ya ampea-saa (Ah) 100 usiibebeshe birika hata waya ukiwa mnene, volti zake zitashuka tu.

Rudisha hasi mwisho. Ukiona cheche ndogo, usishtuke, ni kapasita, vihifadhi umeme vya ndani ya inveta, zinajaa. Washa birika. Kwenye inveta sasa inasoma 11.3, na imetulia hapo. Subiri maji yachemke, zima, kisha gusa kila lagi kwa kidole. Hii ni vuguvugu, hii pia. Ile ya hasi iliyokuwa ikiungua, sasa naweza kuishika. Baada ya safari yako ya kwanza kwenye barabara ya vumbi, kaza nati zote tena, kwa sababu mtikisiko huzilegeza.