Simu ya loku: usibonyeze apdeti kabla hujaangalia haya

Karibuni wadau. Leo nipo mezani kwangu, Mtwara mjini, feni inazunguka na huko nje bodaboda wanapiga honi, mtanivumilia. Hapa mbele yangu nina iPhone 11 mbili, nyeusi zote. Ya kushoto inashika laini yoyote ya Tanzania. Ya kulia nayo inashika. Aliyeziuza alizisifu zote mbili kwa neno moja: "fektori anloki", yaani haina loku, haijafungwa kwenye mtandao wa kampuni moja tangu kiwandani. Lakini moja kati ya hizi ukiipa apdeti usiku, asubuhi unaweza kuamka na kioo cha kuangalizia saa tu. Video hii ni ya kukuonyesha ipi ni ipi, tena kabla hujatoa hela.

Na msimu wenyewe ndio huu. Korosho zikishapita mnadani na hela ikiingia akaunti, watu wanashuka kutoka Newala, Tandahimba na Masasi, na simu ni kati ya vitu vya kwanza kununuliwa. Wauzaji wanalijua hilo.

Tuanze. Chukua pini, chomeka kwenye kitundu cha pembeni, vuta trei ya laini. Usiitoe laini haraka. Sogeza kamera hapa, karibu zaidi... hapo hapo. Unaona? Laini ya kushoto imekaa peke yake. Ya kulia ina mwenzake. Kuna karatasi nyembamba kama ganda la kitunguu, ina madoa ya shaba upande mmoja, na pembeni kidude cheusi kidogo sana. Hiyo ndiyo chipu. Inakaa kati ya laini na simu, kazi yake ni uongo tu: inaiambia simu kwamba laini hii ni ya kampuni ileile ya ng'ambo iliyoifunga. Simu inaamini, mtandao unapanda. Kufuli halijafunguliwa, limezungukwa.

Muuzaji mjanja anaitoa chipu akijua utakagua trei, anakuambia "weka laini yako ukifika nyumbani". Kwa hiyo usinunue bila kuweka laini yako mwenyewe hapohapo dukani, upige, upigiwe. Na kama ni iPhone 14 au ya baadaye iliyouzwa Marekani, usiitafute trei, haina. Zile zinatumia laini ya kielektroniki tu. Ya namna hiyo ikiwa na loku huna hata pa kubandika chipu.

Sasa ingia setingi, sehemu ya jumla, kisha ile ya kuhusu simu. Teremka chini mpaka mstari wa kufuli la mtandao. Simu hii ya kushoto imeandika "No SIM restrictions", yaani hakuna kizuizi cha laini. Ya kulia imeandika "SIM locked". Basi. Maneno ya muuzaji yaishie hapo. Kwa Samsung nyingi, bonyeza *#7465625# na utaona hali ya kufuli la mtandao.

Halafu piga *#06#. Zitatokea tarakimu 15, hiyo ni IMEI, namba ya utambulisho wa simu. Linganisha na ya kwenye boksi kama boksi lipo, kisha itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090. Utajibiwa aina na modeli ya simu. Ukijibiwa simu nyingine kabisa na uliyoshika, mrudishie mwenyewe ukatafute supu ya pweza. Wengi tunakumbuka Juni 2016, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilipozima simu bandia usiku wa kuamkia tarehe 17. Watu waliamka na matofali. Na tuelewane jambo moja: mimi sibadilishi IMEI. Kwa sheria zetu ni kosa la jinai, na anayekuja kuomba hivyo mara nyingi simu si yake.

Sasa kwa nini apdeti? Hapa nikae kidogo, maana ndipo watu wanapoumia.

iPhone ya kwanza iliuzwa Marekani Juni 2007, na kampuni ya simu ilikuwa moja tu, AT&T. Ukitaka simu, unachukua na mtandao wao. Agosti ileile kijana wa miaka 17, George Hotz, akaifungua akiwa na kifaa cha kuyeyushia risasi ya kuungia nyaya mkononi, kama hiki changu hapa. Wengine wakatoa programu za kufanya kazi hiyohiyo bila kufungua simu. Mwishoni mwa Septemba Apple wakatoa onyo, siku chache baadaye ikashuka apdeti namba 1.1.1. Zilizofunguliwa kienyeji, nyingi zikafa palepale. Haikuwa laana. Wafunguaji walikuwa wamegusa programu ya redio, ile inayoongea na mnara, na apdeti ilipoandika juu yake ikakuta vitu haviko mahali pake.

Miaka imepita ila mchezo ni uleule. Chipu inategemea tundu fulani kwenye mfumo. Apple wakiliziba, watengeneza chipu wanatafuta jingine, na wewe uko katikati na bando lako. Wenzetu Marekani walibishana mpaka maktaba ikaingilia. Ndiyo, maktaba: Maktaba ya Bunge ndiyo inayotoa ruhusa kwenye sheria yao ya hakimiliki. Mwaka 2010 ikaruhusu mtu kuvunja vizuizi vya simu yake ili aweke programu anazotaka, 2013 ruhusa ya kufungua mtandao kwenye simu mpya ikaisha, na 2014 ikabidi itungwe sheria ya kuirudisha. Japani wao waliamua kuwa kuanzia Oktoba 2021 simu mpya zisiuzwe na kufuli, kwa hiyo zile za Docomo, kampuni ya simu ya huko, na wenzao zenye loku ni za zamani. Utazijua nyingi kwa kamera: umezima sauti, bado inalia kacha! kama uko studio.

Mimi mwenyewe niliwahi kuchoma. Mama mmoja aliniletea simu niibadilishie betri. Nikamaliza, nikaiona ina alama nyekundu ya apdeti, nikasema nimfanyie hisani, waifai ya kwangu ni ya bure. Sikufungua trei. Ilipowaka tena ikaandika haina huduma, nikajaribu chipu tatu tofauti hadi adhana ya magharibi. Yule mama hakunigombeza. Alikaa kwenye benchi akaniuliza, "Sasa mwanangu, mwanangu wa Dar atanipigia wapi?" Nilimpa simu yangu ya pili kwa wiki mbili. Tangu siku hiyo trei kwanza, betri baadaye.

Sasa kufungua kwa haki. Kufuli la mtandao la iPhone haliko ndani ya simu tu, liko kwenye kumbukumbu za Apple. Kampuni iliyoifunga ndiyo inayoomba lifunguliwe kwa kutumia IMEI. AT&T, kwa mfano, wana ukurasa wa maombi; wanataka deni la simu liwe limelipwa lote na isiwe imeripotiwa kuibwa. Ukikubaliwa, unaweka laini yako, unaunganisha waifai, simu inajifungua yenyewe. Baada ya hapo apdeti bonyeza mpaka uchoke, haijifungi tena. Kwa hiyo kama una shemeji ng'ambo anakutumia simu, mwambie aifungue akiwa hukohuko, kabla haijapanda ndege. Wale wanaouza "kufungua kwa IMEI" mitandaoni wengine ni wakweli, wengi ni wa kula hela. Usilipe kabla.

Kwa Android zinazotaka namba ya siri ya kufungulia, usikisie. Majaribio yana kikomo, ukiyamaliza simu inajikaza na hata namba sahihi haiingii.

Na kuna nyie mnaotaka kuruti, yaani kujipa mamlaka yote ndani ya simu, au kubadilisha mfumo mzima. Hilo ni kufuli jingine, la kuwashia simu, halihusiani na laini. Ukilifungua, kila kitu kinafutika, hivyo bakapu kwanza, na picha za harusi zisiwe kwenye simu peke yake. Samsung nyingi zina fyuzi ya ndani inayokatika mara moja ukiweka mfumo usio wao, na haiungwi tena. Nyingi za Marekani hata hazikuruhusu kulifungua. Programu za benki zinaweza kukugomea. Menyu ya M-Pesa ya *150*00# itafanya kazi kama kawaida, programu yake huenda isikubali. Na apdeti ya kawaida usiiguse tena, maana simu inaweza kubaki inazunguka kwenye nembo tu. Binafsi, simu yenye hela sikushauri. Fanyia ile ya zamani iliyolala kabatini.

Simu za mkopo zilizofungwa na mkopeshaji sifungui. Malizia deni.

Haya, tuliobaki na chipu tufanye nini? Mzee wangu huyu katoka Tandahimba na simu hii ya kulia ni yake, kakaa hapa muda wote anasikiliza. Mzee, shikamoo tena. Lete mkono tuzime pamoja. Setingi, sehemu ya jumla, apdeti za programu, apdeti za kujiendesha. Zima kupakua, zima kusakinisha. Ukikosa apdeti unakosa na viraka vya usalama, sikufichi, ndiyo maana mambo ya benki yasikae humu.

"Na hii moja nyekundu, mwanangu?"

Iache, mzee. Itakaa hapo hapo, usiibonyeze hata mjukuu akikuambia. Siku unayotaka kuiondoa, nipigie kwanza.

Narudisha chipu, usoni mwa laini, shaba kwa shaba, kona iliyokatwa kwa kona iliyokatwa. Taratibu, isijikunje. Trei ndani. Subiri... inatafuta... vijiti viwili. Vitatu. Haya, mpigie mama nyumbani tusikie.