Mweka Hazina Asiachwe Peke Yake

Ndugu wakusanyaji wa kodi, ndugu waweka hazina, asanteni kwa kunipa nafasi hii. Nimeombwa niseme chama cha taaluma kama chetu kiongozwe vipi. Ruhusuni nianzie mbali kidogo.

Aprili 2012, FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, ilimkamata Rita Crundwell, aliyesimamia hesabu za mji wa Dixon, jimbo la Illinois. Ni mji mdogo, wenye wakazi kama 16,000. Kwa muda wa miaka 20 hivi alikuwa amechota zaidi ya dola milioni 53. Mwaka 1990 alifungua akaunti kwa jina la mji, akaunti ambayo wenzake hawakuijua, kisha akawa anahamishia humo fedha za umma kwa kutumia ankara za kughushi zilizoonekana kutoka serikali ya jimbo. Viongozi wa mji walipouliza mbona fedha hazitoshi, aliwaambia jimbo linachelewesha mgawo wake. Barabara zikakosa matengenezo, naye akafuga farasi wa mashindano.

Hesabu za mji zilikuwa zikikaguliwa miaka yote hiyo, lakini mkaguzi siye aliyegundua wizi. Mwaka 2011 Crundwell alikwenda likizo ndefu. Karani aliyemkaimu akaiomba benki taarifa za akaunti zote za mji, na ile akaunti ikaja pamoja na nyingine. Mwaka 2013 mahakama ilimhukumu kifungo cha zaidi ya miaka 19.

Wengi hukisimulia kisa hiki kama kisa cha tamaa, na tamaa ilikuwepo, sibishi. Mimi kinachonikaa moyoni ni kwamba barua za benki zilipita mikononi mwake, malipo aliyaandaa yeye, vitabu aliandika yeye, na hapakuwa na mtu wa pili. Sasa tazameni manispaa ndogo ambazo ndizo wanachama wetu walio wengi. Mtu mmoja anakaa dirishani anapokea kodi na kukata stakabadhi. Jioni anapeleka fedha benki. Mwisho wa mwezi yeye huyohuyo analinganisha taarifa ya benki na daftari alilolijaza mwenyewe. Karibu wote ni watu waaminifu, na hao ndio ninaowaonea uchungu zaidi: siku hesabu ikipungua, mwaminifu huyo hana wa kumtetea, kwa sababu hakuna mwingine aliyeshika fedha wala aliyeona vitabu. Mgawanyo wa majukumu ni ngao yake kabla haujawa kikwazo kwa mwizi.

Basi kiongozi wa chama hiki ajiulize kwanza: ni nani kati yetu anafanya kazi peke yake? Mkutano mkuu, chakula cha jioni na vyeti vya ukutani vina nafasi yake, na havihitaji hotuba yangu. Waweka hazina wa miji ya Uingereza walianza kuungana mwaka 1885, na maofisa wa fedha za umma wa Marekani na Kanada mwaka 1906. Faida kubwa ya vyama vya namna hii ni kwamba mtu anapata mwenzake wa kumuuliza kabla hajatia sahihi.

Chama hakina mamlaka ya ukaguzi. Hata hivyo kinaweza kuwakutanisha waweka hazina wa manispaa mbili jirani, kila mmoja apitie usuluhisho wa benki wa mwenzake, yaani ule ulinganisho wa taarifa ya benki na daftari, kwa idhini ya mabaraza yao. Kinaweza kuwa na orodha ya wastaafu walio tayari kukaimu, ili mwanachama aende likizo kweli, awe nje ya ofisi na simu yake izimwe. Kinaweza pia kuliandikia baraza la madiwani linalokataa kuajiri karani wa pili. Barua hiyo mweka hazina mwenyewe haandiki kwa urahisi, maana ataonekana anajitafutia msaidizi. Mwenyekiti wa chama anaweza kuiandika bila haya, na ni wajibu wake.

Kuna upweke wa mtu mkubwa pia. Robert Citron alikuwa mweka hazina na mkusanyaji kodi wa Orange County, California. Alisifiwa miaka mingi kwa faida aliyoileta, na wachache waliothubutu kuhoji hawakusikilizwa. Riba zilipopanda mwaka 1994, mfuko wa uwekezaji aliousimamia ulipoteza takriban dola bilioni 1.6, na Desemba mwaka huo kaunti ikatangaza kufilisika na kuomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake. Kiongozi wa chama anayeogopa kumuuliza mwanachama maarufu amevuna wapi faida hiyo, akiache kiti.

Neno jingine ni kuhusu sheria. Huko Minnesota, bibi mmoja mzee, Geraldine Tyler, alidaiwa kodi ya jengo kama dola 2,300. Riba na adhabu zikalifikisha deni dola 15,000. Nyumba ikauzwa kwa dola 40,000 na kaunti ikabaki na zote, hata ile 25,000 ya ziada. Sheria ya jimbo iliruhusu. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji wote 9 kwa kauli moja, ikasema ziada ile haikuwa ya kaunti. Ninawauliza wakusanyaji: nani huona majina ya wadaiwa mapema kuliko sisi? Mkusanyaji mmoja hawezi kuibishia sheria anayoitekeleza. Ataambiwa afanye kazi aliyoajiriwa. Chama kinaweza kwenda kwa watunga sheria na mafaili mkononi, kikawaonyesha adhabu inapolipita deni lenyewe. Tusingoje majaji watufundishe haki ya mlipakodi wetu.

Kwa kamati tendaji mpya nina ombi moja. Kabla ya msimu ujao wa kutoa ankara za kodi, pateni orodha ya wanachama wote wasio na msaidizi ofisini. Kila mmoja apewe jina na namba ya simu ya mwenzake mzoefu, na mwenzake huyo ndiye aanze kupiga.