Mimea Inayohamisha Metali Nzito Kutoka Ardhini

Mabibi na mabwana, kisiwani New Caledonia, katika Bahari ya Pasifiki, kuna mti uitwao Pycnandra acuminata. Ukilichanja gome lake, hutoka utomvu wa kijani kibuluu. Rangi hiyo inatokana na nikeli, mojawapo ya metali nzito. Utomvu ukikaushwa, takriban robo ya uzito wake ni nikeli, kiasi ambacho mimea mingine isingekivumilia hata kidogo.

Metali huingiaje? Mzizi hunyonya vilivyoyeyuka majini, na seli zake zina milango maalumu: huu wa chuma, ule wa zinki, mwingine wa fosfeti, kirutubisho cha mmea. Milango hiyo hudanganyika. Kadimi, metali yenye sumu, hupenya kwenye mlango wa chuma. Arseniki, sumu nyingine, hujipitisha kwenye mlango wa fosfeti, kwa kuwa imefanana nayo kimaumbile.

Mimea mingi ikishapokea sumu huibana mizizini isipande juu. Mimea ninayoizungumzia, aina zipatazo 700, hufanya kinyume, na hapa ndipo ninapostaajabu kila mara. Noccaea caerulescens, mmea mdogo wa Ulaya, una nakala kadhaa za jeni iitwayo HMA4, ambayo huisukuma zinki hadi kwenye mirija inayopandisha maji. Majanini, metali hufungiwa ndani ya vakuoli, yaani vifuko vya kuhifadhia vilivyo ndani ya seli, hasa za seli za ngozi ya jani, mbali na seli zinazotengeneza chakula. Faida yake? Maelezo yenye nguvu zaidi ni kwamba wadudu hulikwepa jani lenye sumu.

Mwaka 2001 ilitangazwa kwamba kangaga Pteris vittata hukusanya arseniki kwa wingi. Tangu hapo nimesikia mara nyingi kauli kwamba mimea “inasafisha” udongo. Naomba tuwe waangalifu. Metali haiozi wala haigeuki kuwa kitu kingine, imehama tu. Majani yakiachwa yaanguke, sumu inarudi juu ya udongo ule ule. Ni lazima yakatwe, yaondolewe, yasiliwe na mifugo. Ya nikeli yakichomwa, majivu yake huwa madini yanayoweza kuyeyushwa; ya arseniki hayafai kuchomwa ovyo, maana sehemu yake hupaa na moshi. Na kazi yenyewe ni ya miaka mingi, misimu kwa misimu.

Metali iitwayo risasi ni ngumu zaidi kuiondoa. Hung'ang'ania chembe za udongo, na kemikali za kuilegeza zinaweza kuisukuma hadi kwenye maji ya ardhini. Simshauri mtu kuitegemea mimea hapo.

Linalonitia hofu zaidi ni mazao yetu ya kawaida. Spinachi, tumbaku na mpunga navyo hupokea kadimi, bila jani kunyauka wala kubadilika rangi. Kando ya mto Jinzu, Japani, maji machafu ya mgodi yaliingia mashambani, na watu wakala wali wenye kadimi kwa miaka. Figo ziliharibika, mifupa ikavunjika kwa maumivu makali. Serikali ilikiri chanzo hicho mwaka 1968.