Milioni Moja Hainunui Kisima

(Mhadhara uliotolewa Shela, Lamu, baada ya sala ya Isha)

Assalaamu alaykum, masheikh wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mlioegemea ukuta. Nimeombwa nizungumzie adhabu za kuharibu maji ya chini ya ardhi. Niruhusuni nianze na kisima, sheria itafuata.

Nyumbani kwa shangazi yangu, Langoni, kulikuwa na kisima uani na birika lake la kuwekea maji, na ndani ya birika visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu. Maji yale tulikuwa tukiyanywa. Ikajengwa ploti ya nyuma, mwenyewe akachimba, akatia pampu ya umeme ikawa inanguruma kutwa. Mwaka wa kwanza hatukuhisi kitu. Wa pili sabuni ikakataa kutoa povu. Kisha maharagwe yakawa hayaivi, kuni zinateketea bure. Asubuhi moja shangazi akachota kwa kata, akaonja, akatema. Visamaki vilikuwa vimeelea. Hakuna aliyemwendea yule jirani. Mimi nilikuwa mtu mzima, najua kusoma na kuandika, wala sikupeleka hata barua. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Maji tamu ya kisiwa hiki ni ya mvua. Inanyesha juu ya milima yetu ya mchanga, mchanga unayanywa taratibu, yanashuka na kukaa juu ya maji ya bahari kwa kuwa ni mepesi kuliko ya chumvi. Wataalamu wana kanuni yao: kila mita 1 ya maji tamu iliyo juu ya usawa wa bahari ina kama mita 40 za maji tamu chini yake. Sasa igeuzeni hesabu hiyo. Ukiyashusha maji mita 1 kwa pampu, chumvi inapata nafasi ya kupanda kama mita 40. Haiji siku hiyo hiyo, ndiyo maana tunadanganyika. Ikishaingia, kuzima pampu pekee hakuitoi. Itangojewa mvua baada ya mvua. Na anayezoa mchanga wa milima ile kwa ajili ya ujenzi anapunguza chujio na hazina kwa pamoja.

Ng'ambo, kisiwani Manda, tunakwenda Takwa kuomba mvua kwenye lile kaburi la mnara. Mji ule ulihamwa karne ya 17, na miongoni mwa sababu zinazotajwa ni visima kuingia chumvi. Watu wake walihamia hapa Shela. Sisi ni wajukuu wa watu waliokwisha kuhama.

Haya, sheria. Sheria ya Maji ya 2016 inasema rasilimali zote za maji zimeshikwa na serikali ya kitaifa kwa amana ya wananchi. Amana, neno tunalolijua vizuri. Hati ya ploti haikupi maji yaliyo chini yake. Anayechimba kisima cha pampu ya kuuzia au kuhudumia wageni lazima awe na kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Mamlaka hiyo inaweza pia kutangaza sehemu kuwa eneo la hifadhi ya maji ya ardhini, na humo ikazuia au kuwekea masharti uchimbaji. Anayevunja, pasipotajwa adhabu nyingine, hukabiliwa na faini isiyozidi shilingi milioni 1, au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Anayechafua maji, kwa mfano kwa kuelekeza choo chake kwenye tabaka la kisima, anaguswa pia na sheria ya mazingira ya 1999: mahakama inaweza kumwamuru alipe gharama za kuondoa uchafu na kurudisha hali.

Hapo kwenye gharama ndipo mimi ninapoweka uzito. Milioni 1 kwa mwenye hoteli ni hesabu ya msimu. Kwa kijana anayebeba mchanga kwa punda ni maangamizi. Kumfunga huyo wa punda na kumwachia aliyemtuma si haki, nami nasema wazi. Faini inaingia hazina ya serikali, shangazi yangu habakiwi hata na ndoo. Bora pampu isimamishwe mapema, kabla povu halijakata.

Wala msiseme haya ni mambo ya Nairobi. Mafaqihi wetu wameandika juu ya harimu ya kisima, eneo ambalo mwingine haruhusiwi kuchimba akakikausha. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, alisema hakuna kudhuru wala kudhuriana.

Kesho baada ya Alasiri nitakuwa barazani na kipimo cha chumvi. Leteni maji ya visima vyenu, chupa safi, na muandike mtaa na saa mliyochota. Mwenye pampu naye alete. Tutaandika yote kwenye daftari moja, na kila mwezi tutapima tena. Kipimo kikianza kupanda, barua nitaiandika mimi.