Kidato cha nne kimekwisha, nafasi ya uuguzi bado haijulikani: mhadhara kwa wahitimu na wazazi

Wazazi wetu, shikamooni. Vijana, habari za asubuhi.

Swali linaloulizwa zaidi msimu huu ni moja: "Nikikosa uuguzi nifanyeje?" Kabla ya kulijibu, mtu ajue anahofia nini hasa. Yupo asiye na sifa, yupo mwenye sifa anayehofia ushindani, na yupo mwenye nafasi ila hana ada. Dawa zao ni tofauti, na kuzichanganya ndiko kunakopoteza mwaka.

Tuanze na sifa. Stashahada ya Uuguzi na Ukunga, miaka mitatu, inataka ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Ufaulu ni kuanzia D, na D inaanzia alama 30. Hisabati na Kiingereza zinakuongezea nguvu. Ukiwa na F ya Fizikia, usilipe fedha ya maombi kwa kubahatisha. Fomu haibadilishi F. Hapo njia ni mbili. Ya kwanza ni kurisiti, yaani kurudia mtihani, mwezi Novemba kama mtahiniwa wa kujitegemea. Ya pili ni famasia, ambayo katika sayansi inadai Kemia na Baiolojia bila kudai Fizikia. Lakini ingia famasia kwa sababu unaitaka kazi ya dawa. Anayeingia akidhani atahamia uuguzi baadaye atakuta Fizikia inamsubiri palepale alipoiacha.

Anayerisiti ajiandikishe mapema mwakani, usajili unapofunguliwa, maana ukichelewa unalipa faini. Achague kituo chenye maabara inayofanya kazi. Wengi wanakariri nadharia tu, wakifika kwenye vitendo hawajawahi kushika pendulamu wala kuchora grafu, na alama za vitendo si za kuziacha mezani.

Sasa ushindani, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Kukidhi vigezo si kuchaguliwa. Vyuo vya serikali vina ada nafuu, kwa hiyo wenye B na C wanakimbilia hukohuko. Mwenye D tatu za sayansi akijaza vyuo vya serikali vya miji mikubwa peke yake amejifungia mlango mwenyewe. Achanganye: kimoja cha ndoto, vingine vya mikoa isiyokimbiliwa, na vya mashirika ya dini ambavyo ada yake familia imeshaiulizia. Maombi ya Tanzania Bara yanapita kwenye mfumo wa pamoja wa NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo hivi, tena kwa awamu. Ukikosa awamu ya kwanza, angalia nafasi zilizobaki siku zilezile dirisha la pili linapofunguliwa. Anayesubiri "apigiwe simu" anakuta dirisha limefungwa.

Halafu kuna mtego wa kalenda. Kidato cha tano kinaanza Julai, chuo Septemba au Oktoba. Mwenye C tatu za sayansi anaitwa shule kabla hajajua kama chuo kimemchukua. Ushauri wangu ni aripoti shule, hasa akipangiwa PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia) au CBG (Kemia, Baiolojia, Jiografia), huku maombi ya chuo yakiendelea. Ila kikao cha familia kifanyike kabla ya Julai, iamuliwe: chuo kikija, anaondoka au anabaki? PCB inaweza kumpeleka shahada ya uuguzi, lakini ni miaka miwili ya masomo magumu, na akifeli kidato cha sita atarudi kuomba stashahada kwa cheti kilekile cha kidato cha nne. Kama alipata C kwa kuhenyeka, mimi namwambia aende chuo.

Suala la ada ni fupi ila linaumiza. Msiulize ada peke yake. Ulizeni sare, bima ya afya, malazi, ada ya mitihani, na nauli za kwenda vituo vya mafunzo kwa vitendo, kisha mzidishe kwa mihula sita. Wengi hawashindwi muhula wa kwanza; wanazuiwa kufanya mtihani muhula wa tatu au wa nne, akiba ikiwa imeisha. Bodi ya Mikopo ilianza kukopesha stashahada mwaka 2023/24, lakini ni kwa fani zilizotajwa kwenye mwongozo wake tu. Usome kwanza, ndipo uuweke mkopo kwenye hesabu.

Na akitokea mtu akakuahidi nafasi "ya ndani" bila Fizikia, usimpe hata shilingi. Cheti cha namna hiyo kinakwama Baraza la Uuguzi na Ukunga, na bila usajili na leseni yake huruhusiwi kumhudumia mgonjwa. Ukitaka kuhakikisha chuo, tafuta jina na namba yake ya usajili kwenye orodha ya NACTVET, kisha uangalie kama uuguzi wenyewe umo kati ya kozi zake. Kuna vyuo vilivyosajiliwa kwa kozi nyingine, uuguzi haumo.

Tuanze maswali. Wenye matokeo mkononi wasogee mbele, tuyasome somo kwa somo.