Kitabu Kwanza, Gundi Baadaye: Vitabu vya Watoto Maktabani na Shughuli Zake

Wakutubi, walimu, wazazi, na nyote mnaoshinda na watoto: asanteni kwa kunialika, na asanteni kwa kuja.

Kila ninapokutana na watu wanaohudumia watoto maktabani, swali linalotangulia huwa moja: tuwafanyishe nini? Wanatafuta michezo, rangi, mikasi na gundi, ili watoto waje na watamani kurudi. Ni swali jema, wala sina ugomvi na gundi. Ila mimi huanza na jingine: kitabu gani? Shughuli ya maktabani inapaswa kuzaliwa na kitabu na kumrudisha mtoto kitabuni. Kofia za karatasi zinaweza kutengenezwa popote. Maktaba ina kitu ambacho kumbi nyingine hazina, nacho kimesimama kwenye rafu nyuma ya mgongo wa mtoto wakati anakata kofia yake.

Wazo hili si geni. Mwaka 1946, mji wa Munich ukiwa bado na vifusi vya vita, Jella Lepman aliandaa maonyesho ya vitabu vya watoto. Alikuwa mwandishi wa habari wa Kiyahudi aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler, akarejea baada ya vita. Fedha za kununua vitabu hakuwa nazo. Aliandikia nchi mbalimbali kuviomba, zikiwemo nchi zilizokuwa vitani na Ujerumani mwaka mmoja tu kabla ya hapo, na vitabu vikaja. Maonyesho hayo ndiyo yaliyozaa Maktaba ya Kimataifa ya Vijana, iliyofunguliwa mjini humo mwaka 1949. Ndani yake watoto walisoma, walichora, waliigiza, walijifunza lugha za kigeni, tena walikaa wakajadili vitabu walivyosoma. Naomba tulitazame hilo la mwisho. Mtoto anaulizwa anakionaje kitabu, na watu wazima wanatulia kumsikiliza. Hiyo nayo ni shughuli, na haigharimu hata karatasi moja.

Sasa tuje kwenye shughuli ninayoiweka mbele ya zote, kusoma kwa sauti. Wengi wetu tunasoma vizuri, lakini tunasoma peke yetu. Mtoto ametulia, sisi tunasema, tunafika mwisho, tunafunga kitabu. Mwaka 1988 Grover Whitehurst na wenzake walichapisha utafiti kuhusu watoto wa miaka miwili hivi. Wazazi wa kundi moja walifundishwa kuuliza maswali yasiyoishia kwenye ndiyo au hapana, kuyapanua majibu ya mtoto, na kumwachia kidogo kidogo kazi ya kusimulia. Wazazi wa kundi la pili waliendelea kusoma kama walivyozoea. Baada ya takriban mwezi mmoja, watoto wa kundi la kwanza walikuwa wamewatangulia wenzao kwa miezi kadhaa katika vipimo vya kujieleza. Makundi yote mawili yalisomewa. Tofauti ilikuwa nani anapewa nafasi ya kuzungumza.

Hebu tuone inavyokuwa. Kwenye picha kuna mbuzi juu ya paa. Ukiuliza, "Huyu ni nani?" utajibiwa neno moja na mazungumzo yamekwisha. Uliza, "Amefikaje huko juu?" Mtoto atasema, "Ameruka." Mwambie, "Ameruka kutoka kwenye ule mti?" Atakusahihisha, na katika kukusahihisha atatunga sentensi ndefu kuliko alizotunga asubuhi nzima. Msiikatishe. Hadithi itasubiri.

Na akisema "tena!" kwa mara ya tano, tusimwonee uvivu. Jessica Horst na wenzake walichapisha mwaka 2011 utafiti juu ya watoto wa miaka mitatu. Wengine walisomewa hadithi ileile kwa kurudiarudia, wengine hadithi tofauti zenye maneno mapya yaleyale, na maneno hayo waliyasikia mara sawa. Waliorudiwa hadithi moja ndio waliojifunza maneno vizuri zaidi. Mtoto anayejua kitakachotokea ana nafasi ya kuangalia mambo aliyoyapita mwanzoni. Kwa hiyo ninawasihi wenzangu wanaoendesha saa ya hadithi: wiki ijayo msione haya kurudia kitabu cha wiki hii, mkaongeza kimoja kipya.

Kwa watoto wachanga nitasema machache tu. Vitabu vya kurasa ngumu, picha kubwa, nyimbo fupi za kupiga makofi, na mzazi akiwa amempakata mwanawe. Kitabu kikitafunwa pembe, kimetumika. Wekeni bajeti ya kukibadilisha.

Kwa watoto wa miaka saba na kuendelea nina shughuli moja ninayoipenda kupita kiasi, nayo ni kutengeneza kitabu chenyewe. Chukueni karatasi kubwa, ikunjeni katikati mara tatu. Mtapata majani 8, yaani kurasa 16. Kabla ya kuchana kingo, watoto wainue pembe na kuandika namba za kurasa, kisha waikunjue karatasi yote. Hapo utasikia kelele! Ukurasa wa 1 umelala ubavuni mwa ukurasa wa 16, na safu nyingine ya namba imesimama kichwa chini. Ndivyo wachapaji wanavyopanga kurasa, na ndiyo sababu vitabu vingi vya picha vina kurasa 32. Ni karatasi mbili za namna hiyo.

Kisha mtoto anakabiliwa na kazi ya mwandishi hasa. Kurasa zake zina idadi, haziongezeki. Simba atokee ukurasa wa ngapi? Akimweka upande wa kulia, msomaji atamwona mapema. Akimficha nyuma ya jani, msomaji atageuza ukurasa huku roho ikidunda. Hili halifundishiki kwa maneno. Wakishaandika vyao, wapelekeni kwenye rafu wachunguze waandishi wengine walificha nini, na nyuma ya jani gani. Nawahakikishia watavisoma vitabu vya picha kwa macho mapya, hata wale waliokuwa wakidai kwamba ni vya wadogo zao.

Kuna watoto ambao hadithi haziwavuti. Wanataka wadudu, injini, sayari, mifupa. Mara nyingi tunawaita wasiopenda kusoma, na jambo hilo linaniuma, kwa sababu ni wasomaji wazuri tuliowaonyesha rafu isiyo yao. Kwa hao tumieni namba. Mfumo wa kupanga vitabu rafuni kwa namba za mada, alioutoa Melvil Dewey mwaka 1876, na unaotumika katika maktaba nyingi, unaweza kuwa mchezo mzuri. Ndege wako 598, mamalia 599, dinosaria 567.9, sayari 523.4, ngano za jadi 398.2. Vitendawili vyenyewe vina makao yao, 398.6.

Mchezo ni huu. Kitendawili! Tega! Nyumba yangu haina mlango. Jibu ni yai. Yai linampeleka mtoto kwenye katalogi, yaani orodha ya vitabu vya maktaba, katalogi inampa 598, naye anakwenda kwenye rafu, anafungua kitabu cha ndege na kurudi na jambo moja kuhusu mayai ambalo hakuna aliyelijua mezani. Baadaye yeye ndiye anayetega, tena cha kutunga mwenyewe, na jibu lake lazima lipatikane kwenye rafu. Msifanye mashindano ya mbio. Mwenye kasi atachukua zawadi, na aliyezama kwenye ukurasa atajiona ameshindwa, ilhali yeye ndiye aliyepata tulichokuwa tukikitafuta.

Hapa ndipo suala la mtoto kujichagulia kitabu linapokuja. S. R. Ranganathan, mkutubi wa India, aliandika mwaka 1931 sheria tano za ukutubi. Mojawapo inasema kila msomaji apate kitabu chake, na nyingine inasema kila kitabu kipate msomaji wake. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unataja vitabu vya watoto katika ibara ya 17, na haki ya kucheza na kupumzika katika ibara ya 31. Vitabu na michezo vinakaa pamoja katika hati ileile. Kwa hiyo mtoto akichukua kitabu kilicho juu ya umri wake ili atazame michoro, mwacheni. Akichukua kilicho chini ya umri wake kwa sababu amechoka, mwacheni pia. Alama za umri kwenye jalada ni msaada kwa mtu mzima anayetafuta, zisigeuzwe kuwa uzio.

Uzio mwingine ni faini. Mtoto hana kipato, na mzazi anayeogopa deni humzuia mwanawe kuazima. Maktaba za umma za Chicago zilifuta faini za kuchelewesha vitabu mwaka 2019, na vitabu vilivyokuwa vimekaa majumbani kwa muda mrefu vikaanza kurudi. Wako pia watoto wasioweza kusoma maandishi ya kawaida. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013 unaruhusu, katika nchi zilizojiunga nao, kutengeneza nakala za breli, za sauti au za maandishi makubwa bila kuomba kibali cha mwenye hakimiliki. Saa ya hadithi ikipangwa, kitabu cha kupapasa kiwe mezani tangu mwanzo, kisiletwe baada ya mama kuomba.

La mwisho ni la ratiba. Kipindi kikiwa cha saa moja, dakika kumi na tano za mwisho ziwe za kuazima. Siyo za kusafisha meza, siyo za picha ya pamoja. Vitabu vilivyotajwa siku hiyo, na ndugu zao wa rafu ileile, vipangwe majalada yakitazama mbele, kwa kimo cha mtoto. Asiye na kadi aandikishwe papo hapo. Gundi itakauka yenyewe, nasi tutapanguza meza wakishaondoka.

Karibuni kwa maswali.