Zebra Isiyo na Taa: Mwogope Anayekuja Nyuma

Habari za asubuhi, wazazi wangu, na nyinyi madereva mliojipanga kule mlangoni kama mnaotaka kutoroka. Sogeeni, leo hakuna tochi wala faini.

Sheria yenyewe haina maneno mengi. Kwenye zebra isiyo na taa wala trafiki, mwenda kwa miguu aliyekwisha kuingia kwenye michoro ndiye mwenye njia. Dereva unasimama, anapita. Naye haruhusiwi kuchomoka ghafla mbele ya gari lililokwisha kufika. Basi. Pundamilia ni wetu, wa Serengeti, lakini michoro hii ilianza Uingereza mwaka 1951. Tukaletewa mnyama wetu kalazwa barabarani.

Dereva anayekataa kusimama hanitishi sana. Mtoto anamwona, anamngoja apite. Namwogopa anayekuja nyuma ya aliyesimama.

Siku moja nilikaa kiti cha mbele kwenye daladala. Dereva wetu, muungwana kweli, akasimama kwenye zebra, akampungia mkono binti mwenye sare za shule: pita, mama. Binti akaondoka mbio, begi linamruka mgongoni. Alipoivuka tu pua ya gari letu, bodaboda ikatokea kulia, inatuovateki. Ilimkosa kwa upana wa kiganja. Kiatu kimoja kilibaki kwenye lami.

Ule mkono ulikuwa wa wema, ila ulisema kwa niaba ya gari moja tu. Kwa hiyo dereva, simama, usipunge. Simama mapema, mita kadhaa kabla ya michoro, ili wa nyuma amwone mtoto na mtoto amwone yeye. Ukimkuta mwenzako kasimama kwenye zebra, usimpite, hata ukidhani anashusha abiria.

Wazazi, wafundisheni watoto kusimama mara mbili. Kwanza ukingoni: kulia, kushoto, kulia tena. Halafu kwenye pua ya gari lililosimama, wachungulie.

Mnaosema "breki zangu ziko vizuri", tupige hesabu. Spidi 50, kikomo chetu mjini, ni karibu mita 14 kwa sekunde. Mpaka ushtuke na mguu ufike kwenye breki, 14 zimekwenda. Breki nazo zinakula nyingine kama hizo, lami ikiwa kavu. Coaster ina urefu wa mita 7 hivi, zipange nne. Kwa spidi 30 ni mbili tu.

Ndiyo, kaka, uliza. Mtu kasimama kando ya zebra anaongea na simu, utajuaje kama anavuka? Hujui. Toa mguu kwenye mafuta, tazama miguu yake, na honi iache; ukimshtua anaweza kurukia upande wako.

Haya, tutoke nje. Ile Coaster pale, mmoja akae kwenye usukani. Wengine njooni mchuchumae mbele yake, mpate kimo cha mtoto wa darasa la pili, mniambie mnaona nini ng'ambo.